Kaye Sita za Mpunga

Wapendwa wa shirika letu la sala, asanteni kunipa nafasi. Mama kiongozi alisema dakika kumi, lakini mnajua mimi ni mwalimu, mtanivumilia. Sitataja jina la mtu. Kindu si kubwa, na wengine mtafikiri mnamjua. Nawaomba mkifika nyumbani msianze kutafuta ni nani. Sikuja hapa kushitaki. Nilikwisha kushitaki, na nitawaambia ilivyoisha.

Kabla ya vita nilikuwa asistanti kijana kwenye chuo kikuu, upande wa kilimo. Asistanti njo yule anayefundisha chini ya profesa, huku anaandaa kazi yake mwenyewe ya udokta. Kazi yangu ilikuwa mpunga. Misimu minne nilishuka Kibombo kwa gari la moshi, nikalala kwa mama mmoja mkulima, mjane, nikapima shamba lake na mashamba ya majirani: mbegu gani inavumilia maji, ipi inalala upepo ukija, ipi ndege hawaiachi. Yote niliandika kwenye madaftari, zile kaye za shule za mistari. Zilijaa sita.

Yule mama alikuwa na ulimi mkali. Siku moja nilimuuliza jina la mbegu fulani kwa mara ya tatu, maana kila jirani alikuwa amenipa jina lake. Akaacha kutwanga, akaniangalia.

"Andika Usiniulize," akasema.

Nilicheka, nikaandika hivyo hivyo kwenye kaye, Usiniulize, nikijiambia nitarekebisha siku nyingine.

Ofisini tulikuwa wawili kwenye meza moja. Mwenzangu naye alikuwa asistanti. Tulisoma pamoja toka mwaka wa kwanza, tulikula sahani moja siku za shida, alisimama shahidi kwenye ndoa yangu, na mtoto wangu wa kwanza ni yeye aliyempa jina. Nasema haya mjue alikuwa nani kwangu. Mtu usiyemjua akikuibia, unapiga kelele halafu unasahau.

Vita ikaingia mji. Wengi wenu mlikuwa hapa, sina la kuwafundisha. Mume wangu alikuwa kazini, mtu wa reli, na njia ilikuwa imekatika. Nilitoka nyumbani na watoto wawili, sufuria, unga kidogo na mfuko wa kaye. Kwenye njia ya kutoka mji nikamkuta mwenzangu, yuko peke yake, anaelekea kwa kaka yake kwa upande mwingine.

"Dada, utabeba nini?" akaniuliza. "Mutoto mugongoni, mwingine kwa mukono, mizigo juu ya kichwa. Nipatie kaye."

"Na mvua?"

Akatoa mfuko wa plastiki, akazifunga mbele yangu, akaziingiza ndani ya shati, akafunga vifungo vyote mpaka shingoni. "Zitapotea siku mimi napotea," akasema.

Nilimshukuru nikilia. Tukaachana pale.

Tulifika upande wa Pangi, kwenye kijiji kimoja si mbali na Kama. Wachimbaji wa dhahabu walitupokea, watu ambao wao wenyewe hawakuwa na chumvi. Nilifundisha watoto wao kusoma, tukiandika kwa makaa juu ya mbao. Mume wangu alitupata huko, miguu imevimba. Miaka yote ile, kila nikihesabu nilichopoteza, nyumba, vitabu, cherehani, nilijiambia: lakini kaye ziko. Nilizikumbuka ukurasa kwa ukurasa, kama wengine wanavyokumbuka zaburi.

Vita ilipotulia tulirudi Kindu. Baada ya muda nikapata barua yake kutoka mji wa mbali alikokuwa anasoma. Aliandika kwamba askari walimsimamisha njiani, wakafungua mfuko, wakawashia moto zile kaye kwa kupika. "Nisamehe, dada yangu."

Ndugu zangu, nawaambia ukweli, nilimjibu kumfariji. Niliandika: karatasi si kitu, uhai wako njo kitu. Nikamwombea afaulu masomo yake. Barua ile niliipatia mtu anayepanda ndege, nikabaki na moyo mweupe.

Akafaulu. Akarudi dokta. Chuo kilifanya sherehe, na aliyepika ni mimi: wali, sombe ya majani ya muhogo, samaki wakubwa wa mto Lualaba. Nilipiga vigelegele mpaka sauti ikakauka. Wiki iliyofuata kitabu chake cha udokta kikawekwa maktaba, nikaenda kukisoma kwa furaha. Niliona hesabu za mpunga, nikasema, ah, naye alivutwa na mpunga. Nikaona vipimo, nikasema vinafanana na vyangu. Nawaambia, mtu asiyetaka kuona haoni. Halafu nikafika kwenye orodha ya mbegu. Palikuwa na mbegu ambayo, alisema, watu wa Kibombo wanaiita Usiniulize. Na akaeleza nusu ukurasa mzima, kwa Kifaransa kizuri, kwamba jina hilo linaonyesha ni mbegu ya siri ya mababu ambayo wakulima wanaogopa kuitaja.

Nilicheka. Peke yangu pale maktaba nilicheka. Halafu nikakirudisha kitabu mahali pake.

Nikaenda ofisini kwake. Hakukataa, na hilo njo ambalo sikulitazamia.

"Dada, weye ulikuwa pori," akasema. "Hakuna aliyejua kama uko muzima. Ningeacha ile kazi ioze?"

"Uliniandikia zimeungua. Ulijua niko mzima, uliniandikia."

Akapanga karatasi zake mezani, akazipanga tena. "Chuo ilikuwa na lazima ya dokta. Sasa iko naye. Ukiharibu, utaharibia wote."

Nilishitaki. Mkubwa wa kitivo akaniuliza kaye ziko wapi. Sina. Akaniuliza shahidi. Nikasema shahidi yuko. Alikuwa mama mmoja, mwalimu mwenzetu, aliyeshuka nami Kibombo misimu miwili, tukalala mkeka mmoja, akanishikia kamba nikipima, na siku moja tukanyeshewa pamoja shambani mpaka jioni. Wakamwita. Alikaa mbele yetu, akaangalia mkoba wake.

"Ni zamani sana," akasema. "Sikumbuki vizuri."

Kazi yake ilikuwa mikononi mwa yule dokta, nilijua. Lakini wa kwanza alinichukulia kazi. Huyu wa pili alinichukulia hata ile siku tuliyonyeshewa pamoja. Wakafunga faili. Wakaniambia nifanye upatanisho.

Basi nikaanguka, na sikuanguka kwa kishindo watu wakaja kuniokota. Nilikuwa naenda kazini kila siku. Nilisoma masomo ya zamani kwa wanafunzi kama mtu anayesoma orodha ya soko. Anayeuliza swali nilimkaripia. Mchana wananipa kazi zao za mwisho wa masomo niwasahihishie, nazitia kabatini, nafunga kwa ufunguo. Nilijiambia nitazisoma nikiwa na nguvu. Nyumbani sikusema. Mume wangu akaniambia, "Zamani ulikuwa unatuchosha na mpunga. Sasa natamani ile kuchoshwa." Nikaondoa sahani mezani. Miaka ikapita hivyo.

Akaja msichana mmoja wa mwaka wa mwisho. Mtoto wa Kama, baba yake anachimba dhahabu. Alileta kazi yake juu ya muhogo, nakala ya fotokopi. Nikanyoosha mkono, naye hakuiachia. Alikuwa na karatasi nyingine, ndogo, ameiandika kwa mkono.

"Mama Asistanti, naomba unitilie sinyature hapa, kama umepokea. Na tarehe."

"Sinyature ya nini?"

Akainamisha kichwa, lakini akasema. "Batu banasema kazi ikiingia kwako haitoke. Hii ni miaka yangu mbili, Mama. Baba aliuza hata kinga yake."

Kinga, kwa wageni walio hapa, ni baiskeli.

Nilitaka kumfukuza. Mdomo ulikuwa umeshafunguka. Halafu nikamwangalia alivyoshika zile karatasi kifuani kwa mikono miwili, nikajua ananiogopa jinsi ambavyo mimi nilipaswa kumwogopa mtu fulani njiani, siku ile ya vita. Nilitia sahihi. Nikaandika tarehe. Alipotoka nikafungua kabati. Zilikuwa kazi kumi na moja. Nyingine zilikuwa na mchwa. Mmoja wa wale wanafunzi nilijua amekwisha kukata tamaa, anauza mafuta ya mawese Alunguli, ng'ambo ya mto.

Wapendwa, miaka yote nilikuwa najiona mimi njo niliyeibiwa. Na kweli niliibiwa. Lakini miaka ya watoto wa watu ilikuwa inaliwa na mchwa kwenye kabati langu, na ufunguo ulikuwa shingoni mwangu.

Nilizisoma zote. Ilinichukua majuma. Nilivuka mto mpaka Alunguli, nikamtafuta yule wa mafuta, nikamwomba radhi mbele ya wateja wake. Hakunirahisishia. Alisema, "Mama, unajua ni miaka mingapi?" Nikasema najua. Akamaliza kumpimia mteja mafuta, halafu njo akapokea kazi yake. Alimaliza masomo.

Kisha nikaenda Kibombo, kwa pikipiki, na yule msichana wa muhogo nyuma yangu kwenye pikipiki nyingine. Mama yule mkulima alikuwa hai, macho yamepungua. Nilimweleza yote. Nilipofika kwenye mbegu ya siri ya mababu alicheka mpaka akashika mbavu. Halafu akanigeukia.

"Na weye, mutoto wangu," akasema, "ulipima mpunga yangu misimu mine. Ulirudia lini kunielezea uliona nini?"

Kabla ya vita ningeweza, na sikufanya. Nilikuwa nangoja kwanza niwe dokta.

Tulianza upya. Safari hii kila mkulima alikuwa na kaye yake, na mimi yangu, na kila mwisho wa msimu tulisoma pamoja kwa sauti. Ilichukua miaka. Nywele zimekuwa hivi mnavyoziona. Siku niliyotetea kazi yangu mbele ya maprofesa, watu wa Kibombo walikaa mstari wa mbele, na profesa mmoja alipouliza swali juu ya mbegu, yule mama alijibu kabla yangu. Na ile mbegu ina jina lake sasa. Nilimuuliza mara ya nne.

Namshukuru Mungu. Nawashukuru wachimbaji wa Kama walionilisha bila kunijua. Namshukuru mume wangu, yuko pale nyuma, anajifanya haoni watu wanamgeukia. Namshukuru mama wa Kibombo. Namshukuru zaidi yule msichana aliyethubutu kuniomba sahihi. Leo naye ni asistanti.

Ninalowaachia ni hili. Ukiibiwa, lia, shitaki, sema, usinyamaze kama mimi. Lakini siku hiyo hiyo angalia nyumbani kwako kuna nini cha mwingine. Mimi nilichelewa kuangalia, na kuna ambao sikuwapata tena.

Mama mmoja wa shirika aliniuliza kama nimemsamehe mwenzangu. Niko mbele yenu, siwezi kudanganya: bado. Hajaniomba, na kitabu chake kiko maktaba pale pale. Tukikutana kwenye njia ya ofisi ananiita dada. Namwitikia, "Bonjour, Profesa," na ninapita. Hiyo njo nguvu niliyo nayo kwa sasa. Mniombee iongezeke.