Mstari wa Chaki wa Fundi Nyooka

Ndugu waombolezaji, mimi ni binti yake wa kwanza, nasoma kwa niaba ya familia.

Baba yetu, mliyemwita Fundi Nyooka kwa kuwa hakuvumilia geti lililopinda, alizaliwa tarehe 9 Machi 1974, mtoto wa nne wa mwenye mashine ya kusaga, akasoma shule ya msingi kuanzia 1982 hadi 1988, akajifunza kuchomelea vyuma kwa mjomba wake, na mwaka 1997 akafungua karakana nyuma ya soko. Tarehe 14 Juni 2003 alifunga ndoa na mama yetu, mshonaji, wakajaliwa watoto watatu.

Mwaka 2022 alianza kuzimia, mapigo yakishuka, na tarehe 2 Februari 2023 alifanyiwa upasuaji, akawekewa chini ya ngozi ya kifua, upande wa kushoto, kifaa kidogo cha kuongoza mapigo ya moyo, akatutania kwamba sasa yeye ni redio, anatumia betri. Daktari alimkataza kusogelea mashine ya kuchomelea, maana umeme wake ungeweza kukivuruga kifaa, ndipo nikaacha shule kidato cha pili, nikavaa miwani yake ya kazi, naye akachora mstari wa chaki sakafuni, hatua tano kutoka kwenye mashine, akawa anakaa ng'ambo yake kwenye kigoda, akinikaripia, "Nyoosha mkono, mama, unachomelea au unapaka siagi?"

Jumanne tarehe 8 Oktoba 2024, saa nne asubuhi, bawaba ya geti ilinishinda, kila nikiiweka inateleza, baba akavuka mstari akaishika kwa mikono yake, nami nilimwona, lakini nilikuwa nimechoka, nikaendelea kuchomelea. Alianguka kabla sijavua miwani, akafariki hospitalini saa sita mchana.

Baba mkubwa aliniomba niandike kwamba baba aliugua ghafla, naomba anisamehe, siwezi kumzika baba nikiwa nimeficha. Daktari alisema moyo ulikuwa umeshadhoofika, kifaa kilikutwa kinafanya kazi, na hawezi kujua kama ni mashine, nami sijui, ninachojua ni kwamba ningeweza kuizima.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliombeba, na mafundi wenzake mliomalizia lile geti kwa kuwa mimi sikuweza kuligusa.

Baba, mashine nimeizima, pumzika kwa amani.