Aliyesomewa Historia Mara Mbili

Ndugu waombolezaji, hii ni mara ya pili historia ya marehemu huyu kusomwa, na msomaji ni yule yule, mdogo wake.

Alizaliwa tarehe 3 Machi 1951, kifungua mimba wa fundi cherehani na mkunga, akamaliza sekondari mwaka 1969, ambako walimu walimbatiza jina la Kwanini, maana hakuna jibu lililomtosha, na baadaye mkewe alimwita jina hilo siku za hasira.

Aliingia jeshini tarehe 10 Januari 1970, akaoa tarehe 6 Mei 1982, na tarehe 14 Agosti 1983, mkewe akiwa mjamzito, alitekwa na adui vitani, pamoja na wenzake kumi na mmoja, baada ya kamanda wao kuondoka na gari pekee lililokuwa zima. Jeshi likatuletea barua kwamba amekufa, mdogo wake akasimama katika ukumbi huu huu akasoma historia yake, akamshukuru kamanda kwa ushujaa, naye kamanda, kiti cha mbele, akafuta macho kwa leso safi.

Alirudi tarehe 2 Juni 1987, mifupa mitupu, jeshi likamweka ndani miezi saba kumhoji kwa nini alikubali kutekwa, ndipo akatoka na kumbeba kwa mara ya kwanza binti yake wa pekee.

Mwaka 1989 aliajiriwa gazetini, meza yake ikiwa karibu na choo, akaandika makala tisa kuhusu chumba alimofungwa utekani, cha watu arobaini waliolala kwa zamu, wengine wakikaa magoti kifuani. Nane zilichapwa, ya tisa, yenye habari ya gari lile, mhariri aliifungia kwenye droo. Mwenye kovu usidhani kapoa. Mdogo wake hakumlaumu, ila kila walipoagana alimwambia, "Safari ijayo usome ukweli."

Mapafu yaliyoharibiwa na sakafu ya saruji ya chumba kile yalimlaza hospitali tarehe 20 Januari 2016, akafariki tarehe 8 Februari, mkono wake ukiwa mkononi mwa binti yake.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliotupikia, na wapiga chapa wa gazeti waliotunza kwa siri nakala ya makala ya tisa, ambayo nakala zake ziko mlangoni, kando ya shada la maua la kamanda. Shukrani tulizompa kamanda mwaka ule tunazifuta, zilitolewa kimakosa.

Kaka, mara ya kwanza tulipokuambia upumzike kwa amani, ulikuwa umekaa kwenye saruji ukingoja zamu yako ya kulala. Zamu yako imefika, pumzika kwa amani.