Mama Vifungu na Nusu ya Somo

Ndugu, majirani na marafiki, poleni kwa msiba, mimi ni binti mkubwa wa marehemu, na familia imenituma niwasomee maisha ya mama yetu, ambaye wengi wenu mlimwita Mama Vifungu, kwa sababu hata mchuzi ukizidi chumvi alikuwa na kifungu cha sheria cha kuusemea.

Alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, mtoto wa pili wa mkunga na dereva wa lori, akaanza shule ya msingi mwaka 1959, akaendelea na sekondari ya wasichana, na mwaka 1970 akahitimu mafunzo ya ukarani. Tarehe 1 Februari 1971 aliajiriwa kama karani wa mahakama, na huko aliona watu wakikiri makosa wasiyoyaelewa, mradi wamalizane na hakimu waende zao nyumbani, jambo ambalo halikumpa usingizi.

Aliolewa na baba yetu, fundi seremala, tarehe 20 Desemba 1975, wakajaliwa watoto watatu, na alipostaafu tarehe 30 Juni 2006 alianzisha darasa la Jumamosi ndani ya karakana ya baba, katikati ya mbao na vumbi la randa, akiwafundisha majirani kwamba mtu akikamatwa lazima aambiwe kosa lake, anaweza kunyamaza, na anaweza kuomba wakili. Sisi wanawe somo hilo tulilila pamoja na chakula.

Jumapili ya tarehe 9 Aprili 2017, mchana, mdogo wetu kitindamimba alimgonga kwa gari fundi viatu wa mtaa wa pili, hakusimama, akaja moja kwa moja nyumbani, akakaa sebuleni kimya, akiamini kabisa kwamba anatii alichofundishwa. Mama aliona damu kwenye bampa, akamuuliza kama amegonga mtu, kijana akainamisha kichwa, ndipo akamwambia, "Haki ya kunyamaza unayo, mwanangu, na mimi ndiye niliyekufundisha, lakini yule mtu bado yuko barabarani." Walirudi pamoja, wakamfikisha majeruhi hospitali, na kutoka hapo wakaenda polisi kwa miguu yao wenyewe. Fundi alipona, ila mguu wa kulia ulikatwa, na mdogo wetu akahukumiwa kifungo cha miaka minne.

Hatutaficha, nyumba yetu ilipasuka, baba alihamishia kitanda karakana, sisi wengine tukasema uchungu wa mwana aujuaye mzazi, sasa huyu ni mzazi gani, na mtaani wakacheka kwamba mganga hajigangi. Jumamosi iliyofuata mama aliwaambia wanafunzi wake kuwa alikuwa amewafundisha nusu ya somo, na tangu hapo akawa anaanza na wajibu, haki zinafuata. Kila siku ya wageni alikwenda gerezani, akakaa kwenye benchi la zege, na kila mara mwanawe alikataa kuonana naye, akimtuma askari aseme kwamba kukataa ni haki yake, na mama akijibu kuwa ni kweli, kijana amekariri vizuri, kisha anarudi nyumbani, anajifungia chumbani, na sisi tunamsikia akilia.

Figo zake zilianza kumsumbua Oktoba 2018, baba akarudi ndani kumuuguza, na asubuhi ya Jumanne, tarehe 12 Novemba 2019, alifariki dunia hospitalini, huku akimuulizia kitindamimba wake.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, makarani wenzake, majirani waliopika na kuteka maji, fundi viatu aliyekuja kwa magongo yake, na mkuu wa gereza aliyemkubalia mdogo wetu ruhusa aliyoiomba mwenyewe, naye yuko pale nyuma kati ya askari wawili.

Mama, leo yeye ndiye amekuja kukuona, na wewe hukumkatalia. Pumzika kwa amani.