Mama Kiangazi Anaaga Dawati, Mtaa Wake Bado Hauna Mti

Ifikapo tarehe thelathini ya mwezi huu, saa ya kutoka kazini, msimamizi wa Dawati la Vikundi vya Upandaji Miti katika Idara yetu ya Bustani atakuwa ametimiza miaka thelathini na mmoja ya utumishi. Ataondoka na mto wake wa kukalia, kikombe chake kilichovunjika mkono, na jina ambalo hakupewa na wazazi wala na ofisi ya utumishi: Mama Kiangazi. Mwandishi wa maneno haya amekaa meza ya pili kutoka kwake kwa miaka tisa, kwa hiyo msomaji asitarajie upole. Mama mwenyewe hakunifundisha.

Alianza kazi stoo. Asubuhi aligawa mafagio, makoleo na matoroli, jioni akavipokea, na inasemekana toroli likirudi na gurudumu bovu, aliyelichukua alihojiwa mpaka akakumbuka na makosa ya utotoni. Manispaa ilipoamua kuvisaidia vikundi vya mitaani kupanda miti, ilitafutwa ofisi ikakosekana. Likatafutwa dirisha. Dirisha likapatikana pale pale stoo, na yeye ndiye aliyekuwa amekaa nyuma yake. Hivyo ndivyo alivyopanda cheo, bila hata kuinuka kwenye kiti.

Enzi hizo msaada ulikuwa wa chapuchapu. Kikundi kinakuja, kinasema kina siku yake ya kupanda miti, kinapewa miche, majembe ya kuazima na gari la maji, na mgeni rasmi anatafutwa. Siku yenyewe kuna fulana mpya, maturubai, vipaza sauti na hotuba ndefu kuliko miti. Mgeni anapanda mche, anapigwa picha, ananawa mikono, kwaheri. Mvua ikikatika miche inakauka mmoja mmoja, na mwaka unaofuata kikundi kile kile kinarudi kuomba mingine ya kuweka kwenye mashimo yale yale. Mama alivumilia misimu miwili. Wa tatu ulimshinda.

Kuanzia hapo kila kikundi kilichofika dirishani kiliulizwa swali moja kabla hata ya kukaribishwa kiti: kiangazi nani atamwagilia? Mwenyekiti akijibu "sote", alirudishwa nyumbani, kwa sababu Mama alishikilia kwamba mtoto wa wote hulala na njaa. Akijibu "watoto wa shule", alirudishwa vilevile, maana shule hufungwa na watoto huenda kwa bibi zao. Alichotaka ni watu wazima waje wenyewe, aone sura zao. Aliwatazama, akawauliza maji watayatoa wapi, akawatania kidogo, ndipo lango la kitalu likafunguliwa. Watu walinung'unika kwamba kupata mchumba ni rahisi kuliko kupata mche wa manispaa. Jina la Mama Kiangazi lilizaliwa kwenye foleni ile, na aliyelitoa ni fundi baiskeli mmoja aliyerudishwa mpaka akaota sugu. Leo mbele ya kibanda cha fundi huyo kuna kivuli kizuri mno, baiskeli inapona na mwenye nayo haondoki.

Swali likazaa desturi. Mama aliamua kwamba siku ya kupanda, anayeushika mche ni yule atakayeumwagilia. Wengine wote, hata wawe nani, wachimbe mashimo, wabebe samadi au wapige makofi. Mtu, alisema, haachi na kiu kitu alichokiweka ardhini kwa mikono yake. Hapo ndipo yalipotokea ya yule mgeni rasmi aliyekuja na suti nyeupe kama maziwa. Alielekezwa kwa adabu zote kwamba mche ule ni wa mama muuza mboga, ila kwa ajili yake lipo koleo. Msafara wake ulitaka kuzimia. Mgeni akauliza afanye nini ili naye apande, akajibiwa aingie kwenye zamu ya maji. Akaingia, kwa mzaha. Kiangazi kilipofika, mwenyekiti wa kikundi akampigia simu kumkumbusha zamu yake, na mnajua ni nani aliyemtuma mwenyekiti. Mheshimiwa alikuja. Akaja tena Jumapili iliyofuata, bila suti wala msafara, na mpaka leo ukikutana naye atakupa habari za mti wake kabla hajakujulia hali.

Msidhani Mama hakukosea. Alikosea, tena mbele za watu. Mwaka mmoja aliandaa siku kubwa kuliko zote, vikundi vya pande zote za mji, kila mtu kwenye shimo lake, akasahau jambo moja tu: kuwaambia wavue viriba, ile mifuko ya plastiki ambamo mche hulelewa kitaluni. Watu wakapanda kwa moyo wote, mifuko na mizizi pamoja. Yeye wakati huo alikuwa anajibizana na dereva wa gari la maji kuhusu nani kafika kwanza. Alipogeuka, barabara nzima ilikuwa imepandwa na kushindiliwa vizuri, na mizizi yote imo gerezani. Hakufoka. Alikaa juu ya gunia la samadi akacheka mpaka machozi, kisha akashika kipaza sauti akawaomba radhi na kuwaomba wafukue.

Tangu siku hiyo hakuna kikundi kinachopata miche mipya kabla ya kurudisha viriba vya ile ya zamani, vikiwa vimechanwa. Vikawa vinarundikwa nyuma ya mlango wetu. Wenzetu wa uhasibu, ambao tayari walikuwa wanavumilia harufu ya samadi dirishani kwao, walikuja kuuliza kama idara imefungua dampo. Mama akawakaribisha chai.

Sasa tuingie ndani kidogo, maana sherehe bila umbea ni mkutano. Mtaa anaoishi Mama Kiangazi hauna mti hata mmoja. Ni mweupe pe, vumbi na ukuta, ukuta na vumbi. Na hili si jambo la kucheka tu, kwa sababu mume wake, shemeji yetu, ni fundi cherehani, kazi yake anaifanya barazani, na baraza yake inatazama magharibi. Asubuhi ni raha. Jua likishapinduka, linamfuata mpaka kwenye tundu la sindano. Akisogeza cherehani, linasogea naye. Akiingia ndani, haoni uzi. Macho yameanza kumsumbua, na daktari alishamwambia wazi kwamba apate kivuli au aache kushona. Kwa shemeji, kuacha kushona ni sawa na kuambiwa asiamke asubuhi.

Mtasema, si angembebea mche mmoja kwenye mkoba, nani angejua? Angejua yeye. Pembeni mwa barabara ni mali ya manispaa, mti haupandwi pale ila kwa kikundi cha majirani waliokubaliana, na Mama alikataa kabisa kuwakusanya majirani zake waje kuomba kwenye dirisha lake mwenyewe. Shemeji alimwambia kweli mganga hajigangi. Akajibiwa kwamba na mgonjwa naye aache uvivu, akatafute majirani.

Majirani wenyewe sasa. Mwenye lori hakutaka mti, lori lake lingelala wapi. Msusi alitaka mti, lakini mbele ya saluni yake tu. Bibi wa nyumba ya kona aliogopa majani kwenye mfereji wa paa lake. Na shemeji ni mtu wa maneno haba, nusu ya siku midomo yake imebana pini. Lakini kimya kingi kina mshindo mkuu. Msimu wa sare za shule ulipofika, alitangaza kwamba nguo zilizokamilika zitachukuliwa Jumamosi saa kumi, na si wakati mwingine wowote. Mtaa mzima ukajikuta barazani kwake, kwenye jua lile lile, unasubiri. Naye akawachelewesha makusudi, anakata uzi mmoja anapumzika. Mwenye lori alijifuta jasho mpaka leso ikalowa, akauliza binadamu anawezaje kufanya kazi mahali kama hapa. Shemeji akatoa pini mdomoni, akasema hawezi, ndiyo maana amewaita. Kikundi kiliundwa jioni ile ile, na mwenye lori akapewa uenyekiti ili akitaka kupinga, apinge akiwa ndani.

Walifika ofisini mwaka huu, mvua zilipoanza. Mama alipowaona mlangoni alisimama, akatamka mbele yetu sote kwamba yule ni mume wake, akaniachia kiti chake, mto na vyote, akatoka nje. Nikawauliza lile swali. Mwenyekiti akajibu kwa kifua mbele kwamba watamwagilia wote. Msusi akaongezea kwamba na watoto wa shule watasaidia. Jamani. Miaka yote hiyo shemeji analala nyumba moja na mwenye swali, na wamekuja hawana jibu. Baadaye nikaelewa. Mama hakuwahi kubeba ofisi kwenda nayo nyumbani, na shemeji hakutaka kumdodosa, isije ikasemwa kwamba kapewa mtihani kabla ya siku. Niliwarudisha. Shemeji aliniaga kwa heshima zote, na heshima ile iliniuma kuliko matusi.

Mama alirudi. Aliusoma uso wangu, akakaa, akaanza kupanga viriba ambavyo havikuhitaji kupangwa. Nilimwambia ninaweza kuwaita, bado hawajafika mbali, nani atajua. Akasema macho ya yule mzee yanamuuma yeye kuliko yanavyomuuma mwenyewe, lakini mti ukija kukauka pale mbele ya baraza, atabaki na jua lile lile na aibu juu yake. Nisiwaite. Katika kazi zote alizofanya hapa, hiyo ndiyo niliyoiona kuwa ngumu kuliko zote, na sioni haya kusema kwamba nilikwenda kulia chooni.

Mvua zilikuwa bado zinaendelea waliporudi, mwenye lori mbele kama bwana harusi. Lori lake, akasema, huenda mtoni kila asubuhi kuchota mchanga, basi litakuwa linarudi na mapipa ya maji. Msusi atashika Jumatatu, siku ambayo saluni imefungwa. Bibi wa kona atashika jioni, kwa kuwa usingizi ulishamkimbia na anataka kitu cha kukisimamia. Ukabaki mti wa upande wa shemeji. Akasema ule wa mbele ya baraza ni wake. Nikamuuliza, kama kazi inavyonitaka, siku akiugua itakuwaje. Akatafuta maneno, akayapata. Alisema mti huo una watu wawili, ila wa pili hajaweza kufika leo kuonyesha sura, kwa sababu ameajiriwa kwingine mpaka tarehe thelathini.

Nilisaini. Nyuma ya mlango mtu fulani alikuwa ameinama kwenye rundo la viriba, anajifanya hasikii.

Upandaji utakuwa Jumamosi ya kwanza baada ya kustaafu kwake, saa mbili asubuhi, mtaani kwao. Sehemu za mashimo zimeshapimwa na lori limeshatafutiwa pa kulala. Tulipokuwa tunatafuta picha ya kuweka kwenye ukurasa huu ndipo tulipogundua jambo ambalo ofisi nzima haikuwahi kuliona. Katika kila picha Mama amebeba samadi, au ameshika koleo, au anamfokea dereva. Hakuna hata moja ambayo ameshika mche. Huyu aliyeujaza mji miti hajawahi kupanda wake. Desturi aliyoiweka ilimfunga mwenyewe, maana kila alikokwenda alikuwa mtu wa siku moja tu, na mti ni wa atakayebaki kuumwagilia.

Mama, tunakushukuru. Umetufundisha kusema hapana bila kumvunjia mtu heshima, na ndiyo bila kuharakisha. Dawati linabaki katika mikono salama, na watu wataendelea kurudishwa nyumbani kama kawaida. Tunakutakia afya njema, usingizi wa mchana usio na simu, na shemeji anayetunga uzi kwa mara ya kwanza bila kukunja uso.

Jumamosi sisi tutachimba, tutabeba samadi na kupiga makofi. Wewe njoo ushike mche. Ni zamu yako.