Marcellin Mukalay, Mume Aliyekataa Kuandikwa Kapera

Wachungaji wetu, wazee wetu mliovuka mipaka mitatu kutoka Kipushi kule Kongo, majirani wa hapa La Rochelle, Johannesburg, na wateja wote wa marehemu mliofunga biashara zenu leo, familia imenipa mimi Célestine, dada yake mkubwa, kazi ya kuwasomea maisha ya mdogo wangu, nami nimeipokea kwa machozi na kwa fahari, maana mtu huyu alitufanya tutembee kifua mbele katika mji usiojua majina yetu.

Marehemu Marcellin Mukalay Ngoie alizaliwa Kipushi, tarehe 3 Agosti 1968, mtoto wa nne wa marehemu papa Ngoie, mchimba madini, na marehemu mama Kyungu, akasoma shule ya msingi hapohapo Kipushi kuanzia mwaka 1974 hadi 1980, kisha akaenda Lubumbashi, ambako mwaka 1986 alihitimu ushonaji, na wale waliomcheka kwamba mwanaume mzima anasomea sindano ndio waliokuja baadaye, kwa heshima zote, kushonewa suti zao za harusi.

Tarehe 20 Julai 1996 alifunga ndoa na Denise Umba, binti wa mzee Kalenga, kwa mahari iliyotolewa yote siku moja, jambo ambalo wakwe zake hawajaacha kulisimulia, na kwa baraka za kanisa, na kwaya iliimba mpaka jioni, ila kama wengi wetu wa kule, mbuzi alipokwisha kuliwa hakuna aliyekumbuka kwenda komini, ile ofisi ya serikali inayoandikisha ndoa, tukaona mahari na Mungu vinatosha. Walijaliwa watoto watatu, Arlène, Steve na Benita.

Aliingia Johannesburg tarehe 9 Februari 2001, akaanza kama mlinzi wa jengo la maghorofa Hillbrow, na saa za mapumziko akishona kwa cherehani ya kuazima, na familia ilipomfuata mwaka 2004 wakahamia chumba cha kupanga hapa La Rochelle, halafu kingine, halafu kingine tena, kwa sababu kila mwenye nyumba alipopata mpangaji aliyempendeza zaidi, cherehani na watoto vilijikuta nje pamoja, na Benita alihamishwa shule mpaka akakataa kuwaambia wenzake anakaa wapi. Jambo hilo lilimuuma baba yake kuliko njaa. Mwaka 2009 alifungua duka lake la ushonaji Rosettenville, mwaka 2011 akapata kibali cha kuishi nchini moja kwa moja, na mwaka 2013 benki ikakubali kumkopesha anunue nyumba ya mama mmoja Mreno, mjane, ile yenye mzabibu uani ambao leo mmekaa chini yake.

Hapa naomba mnivumilie kidogo, kwa sababu hapa ndipo mtamjua Marcellin alikuwa mtu wa namna gani. Benki ilimwambia kwamba wakili wa kuihamishia nyumba jina la mnunuzi na kuandikisha mkopo lazima awe miongoni mwa mawakili inaowakubali yenyewe, na yule mama muuzaji hakuwa na neno, achague mnunuzi. Sasa mdogo wetu Évariste, ambaye amekaa pale mbele na ameniruhusu nimtaje, alikuwa na wakili wake mfukoni, mtu wa haraka, asiyechosha watu kwa maswali, aliyekwisha kusaidia nusu ya kanisa, kasoro yake ikiwa moja tu, kwamba benki haikumjua wala haikutaka kumjua. Marcellin akamshukuru, akamchukua mke wake, wakaanza kuzunguka kwenye ofisi za mawakili wa benki, ambapo wa kwanza alimwacha Denise mapokezi akazungumza na mume peke yake, wa pili aliwaambia kwa simu waje kusaini tu na mengine wamwachie yeye, na wa tatu, mama wa makamo aitwaye Mofokeng, aliwawekea viti viwili, akamuuliza Denise jina lake kabla ya kumuuliza Marcellin lolote, akawapa gharama zake kwa maandishi, kisha akawaambia bila kuzunguka kwamba katika mkopo yeye anaitumikia benki, na jambo lolote atakalolijua hataweza kuificha benki hiyo. Marcellin alisema mtu anayekwambia mapema asichoweza kukufanyia ndiye wa kumkabidhi nyumba yako, wakamchagua huyo.

Basi maswali ya wakili Mofokeng yakazua kizaazaa, kwa kuwa hati ya nyumba hutaja kama mnunuzi ana mwenzi au hana, naye akataka cheti cha ndoa, cheti ambacho hakikuwepo. Évariste alikuja mbio na dawa yake, kwamba kaka aandikwe kapera, hiyo ni karatasi tu, Mungu anamjua mke wake, na wangapi wameandikwa hivyo na wanalala vizuri kwenye nyumba zao, na kweli wakati ule mnunuzi mwingine, mwenye pesa zake mkononi, alikuwa ameanza kupitapita getini kwa yule mama. Wakili alisema hawezi kumwandika kapera mtu ambaye mke wake amekaa naye ubavuni. Marcellin naye alisema, kwa sauti yake ileile ya chini, kwamba yeye aliyetoa mahari mbele ya ukoo mzima hataapa mbele ya wakili kuwa hana mke, kwamba ni kweli Mungu anajua, lakini siku akifa Mungu hatakuja kutoa ushahidi ofisini, na kwamba akikosa nyumba atapanga tena, ila hatainunua kwa kumfuta Denise.

Mwezi wa Oktoba walifunga duka, watoto wakabaki kwa jirani yetu mama Jocelyne, wakapanda basi mpaka Kipushi, wakawakusanya wazee wa pande zote mbili kwenda komini, ambako mzee Kalenga alitamka kwamba kama ndoa inaandikwa leo basi mbuzi naye ataliwa leo, na Marcellin akanunua mbuzi wa pili bila kubisha. Huku nyuma wakili Mofokeng aliiandikia benki na muuzaji akiomba muda, na sisi tulikwisha kukata tamaa, lakini yule mama Mreno alisema mwanaume anayesafiri safari yote hiyo kwa ajili ya jina la mke wake hatauacha mzabibu wake ukauke, akamfukuza yule mwingine getini. Tarehe 28 Februari 2014 nyumba iliandikishwa kwa majina mawili, Marcellin Mukalay Ngoie na Denise Umba, na Denise ndiye aliyepewa ufunguo afungue.

Tangu siku ile, kila aliyetaka kununua nyumba alipitia kwanza dukani kwake, Mkongo, Mtanzania, hata Mrundi, naye huku akipima mabega ya mtu alimweleza aanze kwa kuiuliza benki mawakili wake, aende na mwenzi wake, asisaini asichokielewa, na amchague wakili atakayemsikiliza mke. Évariste mwenyewe aliponunua mwaka 2019 alikwenda kwanza komini na mke wake, akarudi na cheti cha ndoa kimewekewa fremu.

Mwaka 2016 marehemu aligundulika kuwa na kisukari, mwaka 2023 figo zikaanza kushindwa, akatibiwa kwa kusafishwa damu, akiendelea kushona sare za shule siku alizopata nguvu, hadi tarehe 11 Mei 2025, Jumapili asubuhi, alipofariki nyumbani kwake mkono wake ukiwa katika mkono wa Denise. Ameacha mjane, watoto watatu na wajukuu wawili.

Juzi, kama desturi yetu inavyotaka, wazee wa ukoo walikaa kuzungumzia mali ya marehemu, na wote tunajua mazungumzo hayo huwaacha wajane wangapi nje na mabegi yao. Kabla mzee wa kwanza hajamaliza kukohoa, aliyesimama ni Évariste, akasema baba zangu, tuzungumze cherehani, tuzungumze suti, lakini nyumba hii tusiiguse, ina mwenyewe, yuko chumbani analia, na sisi hapa ni wageni wake. Kisha wazee wakatuma mtu kumuomba Denise ruhusa ya kulala pale mpaka mazishi, naye akawapa, na blanketi juu.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia kwa uvumilivu, majirani wa La Rochelle waliopika na kukesha nasi, mafundi wenzake wa Rosettenville, kanisa, na wakili Mofokeng, ambaye amefika leo na amekaa nyuma ingawa tulimwekea kiti mbele.

Marcellin, pumzika kwa amani, mke wako yuko nyumbani kwake.