Bakuli la Hisham

Basi la Al Amerat lilikuwa likipanda mlima. Rawya alijifanya anatazama majabali, masikio yake yako kwa mabibi wawili wasiojuana waliokaa mbele yake.

"Juzi Ijumaa mwanangu Hisham na mkewe wamenipeleka mkahawa wa Kijapani, ule wa bei rahisi kule Hamriya," alisema wa dirishani. "Hakuna sinia, shoga. Kila mtu na bakuli lake."

"Lakini si ulishiba?"

Rawya alitamani kumfinya huyo aliyeuliza, asimkatize mwenzake.

"Nikachagua kipande kizuri cha samaki, nikamtilia mwanangu bakulini mwake kwa mkono wangu, kama nnavyomsogezea nyama kwenye sinia tokea mdogo. Mkewe akamwita mhudumu, aliondoe lile bakuli, amletee mumewe jingine."

"Na Hisham?"

Basi likasimama. Bibi wa dirishani akajifunga buibui lake.

"Alimwambia mhudumu ahsante."