Bandama Iliyochezewa Ngoma

Asalaam aleikum, akina mama. Yule mwenye mtoto anayelia pale mlangoni asitoke, abaki na mwanawe. Mtoto kulia si kosa. Mwenye kosa ni mimi, na nimesimama hapa kulisema lote, maana nusu yake mnaijua na mmekwisha kuicheka bombani. Leo nawapa nusu iliyobaki. Sitamtaja mtu kwa jina. Mwenye kujijua atajijua.

Niliolewa nikatolewa shamba, upande wa Naliendele, nikaletwa hapa Chuno kwa mume wangu seremala. Tuliishi nyumba moja na mama yake. Mwaka ukapita, mwingine ukapita, tumbo kimya. Hakuna aliyeniita tasa usoni, nasema kweli. Lakini mnaijua litiwo, ngoma tunayomchezea mwanamke wa Kiyao akibeba mimba yake ya kwanza. Asiyewahi kubeba haingii ndani. Basi kila litiwo mimi nabaki uani napepeta mchele, na wadogo zangu wananipita wakiingia. "Dada, wewe bado kidogo," wananiambia, tena kwa upole. Ule upole ulinichoma kuliko tusi. Tusi ungelijibu.

Basi tumbo likaanza kujaa. Nikawa nachoka, nikila matonge mawili nimeshiba, nalala nalowa jasho shuka zima. Hedhi nayo ikavurugika. Ndugu zangu, nawaambia, hapo mwanzo sikumdanganya mtu. Mwenyewe niliamini. Mama mkwe aliniona nimeinama nafagia, akaniangalia ubavuni, akatupa kawa chini akapiga kigelegele hadi jirani akaja kuuliza kuna nini. Kesho yake asubuhi mume wangu alichukua ndoo akaenda bombani. Mwanamume mzima na msumeno wake, amepanga foleni na wanawake! Nanyi mkamtania: "Bwana fundi, kwani mimba umebeba wewe?" Anacheka, anajitwika, anarudi. Hajawahi kunipenda hadharani namna ile.

Kisha fizi zikaanza kutoka damu, na mapajani nikaona mabaka kama nimepigwa. Nikaenda hospitali peke yangu. Nilidhani nitapewa kadi ya wajawazito. Daktari akanilaza, akabonyeza tumbo upande wa kushoto, akabonyeza tena, akamwita mwenzake naye abonyeze. Wakanitoa damu, nyingine ikapelekwa Dar es Salaam. Majibu yaliporudi, nesi mmoja, mama wa makamo, alinivuta kwenye benchi akanishika mkono.

"Mama, humu hamna mtoto," akasema. "Hii ni bandama, imevimba mpaka karibu na kitovu. Una saratani ya damu. Ile damu nyeupe imezidi, imetawala."

Nikamwambia, "Nesi, tazameni vizuri."

"Tumetazama, mama."

Nikapewa vidonge vidogo, na yule nesi akanikalisha kunifundisha. Dawa hii, alisema, ni kali na ina wivu kama mke mkubwa, haitaki kuchanganywa. Nisinywe mizizi wala majani ya mganga. Nisile udongo, maana udongo unaikamata dawa tumboni isifike kwenye damu. Vidonge vya kuongeza damu wanavyopewa wajawazito, hata nikipewa kwa huruma, nisimeze mpaka daktari aseme, maana ugonjwa wangu si wa kupungukiwa damu hiyo wanayoidhania. Maziwa yasiyochemshwa nisiyaguse, wala vitu vibichi visivyooshwa, kwa kuwa dawa inaushusha ulinzi wa mwili. Na pombe ya mabibo. Nikamwambia mimi Mwislamu. Akasema, "Nimewauliza Waislamu wengi hapa kwenye benchi, na majibu nimeyasikia." Akasema vilevile kuwa nisishike mimba, dawa ile haina huruma na mtoto.

Halafu akauliza, "Nyumbani nani anakupikia?"

"Mama mkwe."

"Safari ijayo njoo naye. Maneno haya ni yake kuliko yako."

Nikasema nitamleta. Sikumleta. Nilitoka mlangoni pale nikiwa na maneno mawili tu mdomoni ya kumwambia mama wa watu, nikayarudia njia nzima: nina bandama, nina bandama. Nikafika nyumbani namkuta amekaa kwenye mkeka, mbele yake kisahani cha udongo wa kichuguu, ameukaanga kwa ajili yangu. Akainua uso. Akina mama, uso ule! Akauliza, "Wamesemaje?"

Nikasema, "Wamesema tuko salama."

Tuko. Nilisema tuko.

Nikachukua udongo nikala mbele yake. Nilijiambia ni leo tu.

Vidonge nilificha ndani ya mto, nikawa nameza kwa siri. Na dawa ikafanya kazi! Jasho likakoma, njaa ikarudi, nikaweza kutwanga. Tumbo nalo likaanza kulegea. Mwenye akili angeshukuru Mungu. Mimi nilikuwa najipima kwa kanga kila asubuhi, na nikiona pindo limeongezeka, maana tumbo limepungua, naifunga kwa kuilegeza. Mama mkwe naye macho yake makali. "Mbona mtoto anarudi?" akaniuliza. Akasema mimba imehamia mgongoni, amewahi kuona, dawa yake ipo. Akaenda kuchimba mizizi mwenyewe, bibi yule na magoti yake mabovu, akaichemsha akaniletea kikombe kizima. Na udongo juu yake.

Sasa nakuja kwenye aibu yangu, na naomba mnisikie vizuri, msije mkasema nililazimishwa. Nilijua. Yale maneno ya nesi nilikuwa nayo kichwani neno kwa neno. Nilikuwa nameza udongo na kidonge pamoja, nashushia kwa maji ya mizizi, ili dawa isifanye kazi. Nilikuwa naogopa kupona. Kupona ni tumbo kuisha, na tumbo likiisha narudi uani kupepeta mchele. Na lilipovimba tena, nilifurahi. Jasho limerudi, fizi zinavuja, na mimi najipapasa tumbo nafurahi.

Hospitali wakanishangaa. Daktari akasema labda dawa ni kidogo, aniongeze. Nesi akanikazia macho. "Mama, unakula nini?"

"Wali na samaki."

"Na nini tena?"

"Na maji."

Akaniambia niende nikafikiri, akamwomba daktari asiongeze kwanza. Sijui alijuaje. Lau ningeongezewa dawa siku ile, na kesho nikaacha udongo, pengine hapa mngekuwa mnanisomea hitima.

Mwongo hana pa kusimama. Kila siku anasogezwa. Mama mkwe akatangaza litiwo. Niliomba tungoje. Akasema, "Tungoje nini? Nimengoja vya kutosha." Watu wakaitwa kutoka shamba, wengine kutoka Mikindani, kuku wakachinjwa. Mkaja nyinyi. Mkanipaka mafuta, mkanikalisha katikati, na kwa mara ya kwanza maishani nikawa ndani, mlango umefungwa, na waliobaki uani ni wengine. Mama mkwe alicheza siku ile hata akasahau magoti. Mkanifundisha yale yanayofundishwa. Sitayasema hapa, na sijapata kuyasema popote.

Kisha somo wangu, yule aliyenifunda, akapiga magoti mbele yangu akauliza swali ambalo kila aliyebeba anaulizwa, swali jepesi, la furaha, la kuchekea.

"Haya, mwanetu, tuambie. Alipocheza mara ya kwanza, ulihisi nini?"

Mkanisogelea wote mkingoja, na nyuso zenu zimekwisha kuanza kutabasamu kwa sababu kila mmoja alikuwa anamkumbuka wa kwake. Akina mama, uongo nilikuwa nao wa kila namna, huo sikuwa nao. Sikujua kunakuwaje. Nimekwisha kuwauliza wajawazito mambo mengi, hilo sikuwahi kuliuliza. Nikawatazama, nikaona nimeketi mahali pa watu nimevaa nguo ya watu.

Nikasema, "Hajacheza. Hayupo. Ni bandama."

Wengine mkadhani ni utani. Nikasema tena, nikasema na saratani, na vidonge ndani ya mto, na udongo. Yote. Somo akainuka polepole akajipangusa magoti. Mmoja wenu, aliyezika watoto watatu, alilia kwa sauti, akasema, "Umetuchezea." Mkatoka. Wali ulibaki kwenye masufuria, na ngoma zikabebwa bila kupigwa tena. Nyinyi mnaukumbuka mchana ule. Mimi naukumbuka zaidi.

Mama mkwe alibaki amekaa. Mwishowe akasema, si kwa hasira, kama mtu anayeuliza bei: "Kwa hiyo mimi nimeichezea bandama?"

Nikasema, "Ndiyo, mama."

"Nimeiimbia bandama!" Akaingia chumbani akafunga.

Mume wangu alikuwa amesimama uani, amesikia. Hakunitazama. Usiku ule nilikunja nguo zangu nikazifunga kwenye kanga, nikijua asubuhi nitarudishwa kwetu, na nikiona ni haki. Alfajiri nikasikia ndoo. Ndoo ikigonga kizingiti. Mume wangu anakwenda bombani. Nililia, ndugu zangu, nikaona haya kuliko kama ningepigwa. Aliporudi akatua maji, akasema neno moja tu: "Unywe dawa."

Mama mkwe alitoka jua limepanda. Alibeba kile kisahani cha udongo na chungu cha mizizi, akavimwaga nyuma ya choo mbele ya macho yangu. Akajifunga kanga. "Twende kwa huyo nesi wako. Anayepika hapa ni mimi, na mimi ndiye niliyekuwa nakuua pasipo kujua. Hilo sitalisamehe leo. Lakini twende."

Tukaenda. Nesi akamweleza, na bibi yule asiyejua kusoma akawa anayarudia kwa sauti kama mtoto wa madrasa, mizizi hapana, udongo hapana, maziwa mpaka yachemke, kidonge cha mtu mwingine hapana, benchi zima likimsikiliza. Tangu siku hiyo nimepata askari. Nimekwisha kupokonywa embe lisilooshwa mbele ya wageni arusini. Mganga mmoja alikuja na kifuko chake, akaambiwa, "Peleka kwa mwenye afya!"

Sasa ni miaka kadhaa. Sisemi nimepona, maana daktari hasemi hivyo. Anasema ugonjwa umelala, na vidonge ndivyo vinavyouimbia usiamke. Mtoto sina, na sasa sitafuti. Lakini natwanga, nalima bustani, na nimesimama mbele yenu kwa miguu yangu.

Namshukuru Mungu. Namshukuru yule nesi kwa kuniuliza nakula nini, na kuuliza tena. Namshukuru mume wangu na ndoo yake. Nanyi akina mama nawaomba radhi, hasa wewe uliyelia. Niliingia mlango usio wangu, nikasikia yasiyo yangu. Nimeyatunza kama amana. Kwenye litiwo nimerudi uani kwenye mchele, na siku hizi naupepeta vizuri, mtakiri wenyewe. Kama yupo mwenye dawa ya hospitali ndani ya mto, namsihi: amwambie anayempikia. Aibu ya kusema inauma siku ile. Ya kuficha inataka kulishwa kila siku, na mimi niliilisha mwili wangu.

Nimalizie hili nikae. Kila jioni, tukishaswali, mama mkwe ananiita nilale kwenye mkeka. Ananibonyeza tumbo upande wa kushoto, kama alivyomwona daktari akifanya. Bibi huyu aliyeliombea tumbo langu lijae miaka yote ile, ananibonyeza taratibu na kuuliza, "Hamna kitu?"

Namwambia, "Hamna kitu, mama."

Naye anasema, "Alhamdulillahi."